Benki ya mtandaoni kwa usanifu wa huduma: SACCOS ya Tanga ianze kukata mfumo wapi?

BintiNgamiani

Wakuu, habari za majukumu. Nina andiko la mshauri mezani na bodi inasubiri jibu la kitaalamu. Naomba mnisaidie kulichambua.

SACCOS iko Tanga mjini, ina ofisi ndogo Muheza na Korogwe. Mfumo uliopo ni programu moja ya PHP juu ya MySQL. Hisa, akiba, mikopo, makato ya mishahara na ripoti zote zinachota hifadhidata moja. Bodi inataka mwanachama aweke na atoe fedha kwa simu, atume kwenda benki na mitandao ya simu, anunue Luku, alipe kontroo namba, na wa Pangani aombe mkopo bila kupanda gari.

Mshauri anapendekeza usanifu wa huduma, yaani mfumo ugawanywe kuwa programu ndogo zinazojitegemea: huduma 14, kila moja na hifadhidata yake, zote zikiongea kupitia ESB (programu ya kati inayopitisha ujumbe wa huduma zote). Sisi tuna waandaaji programu wanne na mtu mmoja wa mtandao.

1. Huduma 14 kwa timu hii zinabebeka?
2. Andiko lina "Huduma ya Salio" na "Huduma ya Miamala", kila moja kivyake. Ni sawa?
3. ESB ni lazima?
4. Fedha ikitoka kwetu halafu mtandao wa simu usijibu, tufanyeje?
5. Tunahama vipi bila kufunga ofisi?

leja_haifutwi

Dada, naanza na la pili kwa sababu ndilo lenye hatari. Salio na miamala havitenganishwi. Salio ni jumla ya maingizo ya leja, halina maisha yake peke yake. Mkiviweka kwenye hifadhidata mbili, itafika siku muamala umeandikwa huku na kule salio halijapungua, kisa mtandao ulikatika nusu sekunde. Au mwanachama mwenye 50,000 anatoa kwa simu, na mkewe anatoa kwa wakala dakika hiyo hiyo. Maombi yote mawili yanasoma 50,000, yote yanapita. Hapo SACCOS imekopesha bila fomu wala mdhamini.

Tengenezeni huduma moja, iitwe Leja, yenye akaunti, maingizo na salio. Ombi la kuhamisha likiingia, mambo manne yafanyike ndani ya transaksheni moja ya hifadhidata: kufunga safu za akaunti husika (`SELECT ... FOR UPDATE`), kuhakiki salio, kuandika debiti na krediti zinazolingana, kisha kubadili salio. Yapite yote au lisipite hata moja. Kwenye MySQL hakikisheni majedwali ni InnoDB. MyISAM haina transaksheni, na mifumo ya PHP iliyoanza zamani mara nyingi ina jedwali moja au mawili ya aina hiyo yamejificha, tena kwa bahati mbaya huwa ndiyo yenye hela.

Kuna mitego ndani ya Leja yenyewe. Asha akimtumia Juma wakati Juma anamtumia Asha, kila ombi linafunga akaunti ya mtumaji na kusubiri ya mwenzake, mpaka hifadhidata iue moja. Dawa yake ni kufunga kila mara kuanzia akaunti yenye namba ndogo, bila kujali nani anatuma. Kiasi kiandikwe kwa senti kama namba kamili, au DECIMAL. Kisiwe FLOAT wala DOUBLE: kwa DOUBLE, 0.1 ukijumlisha 0.2 unapata 0.30000000000000004, na ukikokotoa riba ya kila siku kwa akaunti elfu kadhaa, vipande hivyo vinajikusanya hadi urari (ulinganifu wa debiti na krediti) ukatae kufunga.

Ingizo halifutwi na halihaririwi. Kosa linasahihishwa kwa ingizo la kinyume linalotaja namba ya lile la kwanza. Kinga hii iwekwe kwenye hifadhidata: mtumiaji anayetumiwa na programu anyimwe UPDATE na DELETE kwenye jedwali la maingizo. Ukiiacha kwenye msimbo, ipo siku mtu atafungua phpMyAdmin (ukurasa wa kuhariri hifadhidata moja kwa moja) saa mbili usiku "kurekebisha kidogo".

Halafu akaunti ya mapato ya ada. Kila muamala unaigusa, kwa hiyo ukiifunga kila mara, siku ya mishahara SACCOS nzima inapanga foleni nyuma ya safu moja. Hakuna mwanachama anayetoa humo, kwa hiyo salio lake halihitaji kuhakikiwa papo hapo. Acheni maingizo yaingie tu, jumla ipigwe kila baada ya dakika chache.

Kuhusu huduma 14, pigeni hesabu. Huduma inayopatikana 99.5% ya muda huzima saa 3.6 kwa mwezi wa siku 30. Muamala ukilazimika kupita huduma 12 za namna hiyo kwa mfululizo, upatikanaji unashuka hadi 94.2%, sawa na saa 42 kwa mwezi. Na hapo sijagusa umeme. Mshauri waja leo waondoka leo, ninyi ndio mtakaoamshwa usiku.

Mimi ningekata tano: Leja, Wanachama (utambulisho, namba ya NIDA, ruhusa), Mikopo, Malipo ya Nje, Taarifa (SMS na risiti). Ripoti msiipe huduma, ipeni nakala ya hifadhidata ya kusoma tu. Kigezo cha kukata ni nani mwenye neno la mwisho juu ya jambo. Mikopo ndiyo inayoamua ratiba na riba, lakini haisogezi hata senti: inaiomba Leja. Andiko lenu naona limekata kwa kufuata majedwali, ndiyo maana huduma zikafika 14.

Fundi_Makorora

Naunga mkono tano. Niongezee la ESB.

ESB ina maana pale penye mifumo mingi ya wauzaji tofauti isiyobadilishika: huyu anaongea SOAP (ujumbe wa XML wa mtindo wa zamani), yule anatupa faili kwenye folda, mwingine ana itifaki yake. Ninyi mna mfumo mmoja mnaoumiliki. Tatizo kubwa la ESB ni kwamba kanuni za biashara huhamia humo taratibu. Leo "akaunti ya mtoto isikatwe ada", kesho "wa Korogwe wakatwe nusu", na baada ya miaka miwili hakuna anayejua ada inakokotolewa wapi. REST na JSON (maombi ya kawaida ya wavuti yenye data nyepesi ya maandishi) vinatosha, pamoja na foleni moja ya ujumbe (RabbitMQ si mzigo kwa timu ndogo) kwa mambo yasiyohitaji jibu la hapo hapo, kama SMS.

SOAP lakini mtakutana nayo. Zipo taasisi zitakazowapa WSDL (faili linaloeleza huduma yao ya SOAP) na kuondoka. Miamala ya benki kwa benki inatumia ISO 20022 (kiwango cha ujumbe wa fedha), ambapo pacs.008 ni agizo la kuhamisha na pacs.002 ni taarifa ya hali yake. Mkiingia kwenye kadi mtakuta ISO 8583. Tafsiri zote hizo ziishie ndani ya Malipo ya Nje, kila mshirika na kiunganishi chake. Leja isijue kabisa kwamba duniani kuna XML.

Mkataba wa kila huduma (inapokea nini, inajibu nini) uandikwe kwa OpenAPI, muundo sanifu wa kazi hiyo, kabla ya msimbo, useme pia kiasi ni senti au shilingi (mara mia moja ya tofauti!), na namba za makosa zina maana gani. Kuongeza sehemu isiyo ya lazima ni ruhusa. Kuondoa sehemu, kubadili jina au maana ni toleo jipya, v2, na v1 iendelee kuishi. Wanachama wengi hawasasishi programu kwa kuogopa kumaliza bando, toleo la zamani litabaki kwenye simu zao muda mrefu sana.

Sasa taimauti (muda wa juu wa kusubiri jibu), sehemu inayoharibiwa na karibu kila mtu. Wa nje lazima asubiri zaidi kuliko wa ndani. Mfano: programu ya simu sekunde 30, lango (seva ya mbele inayopokea maombi yote) 25, Malipo ya Nje 20, kiunganishi 15. Ukigeuza, simu inakata tamaa kwa sekunde 10, inamwambia mwanachama "imeshindikana", na nyuma yake fedha inaenda. Kurudia ombi nako kuwe sehemu moja tu. Tabaka tatu zikijaribu mara tatu kila moja, bonyezo moja linakuwa maombi 27 kwa mshirika ambaye tayari kazidiwa.

BintiNgamiani

Asanteni sana, hiyo hesabu ya saa 42 naibeba hivyo hivyo kwa bodi. Sasa la nne. Kiunganishi kimesubiri sekunde 15, kimya. Meneja anasema mwanachama arudishiwe fedha yake papo hapo asije akalalamika. Nyie mnaonaje?

leja_haifutwi

Msirudishe. Kimya hakina maana ya kukataliwa. Huenda upande wa pili umeshamlipa mtu na jibu ndilo lililopotea njiani. Mkirudisha, mmelipa mara mbili, na ya pili hairudi.

Muamala wa nje una majibu matatu: umekubaliwa, umekataliwa, haujulikani. Mifumo mingi ina mawili ya kwanza tu. Chukua mtu anatuma 30,000 na ada yenu tuseme 500.

Simu itengeneze namba ya ombi (UUID) pale skrini ya kuthibitisha inapofunguka. Akibonyeza mara tatu kwa sababu mtandao unasuasua, namba ni ile ile. Leja iwe na UNIQUE kwenye safu wima hiyo: ombi la pili lirudishiwe jibu la lile la kwanza, lisikate tena.

Leja itoe 30,500 kwa mwanachama kwenda akaunti ya mpito. Ndani ya transaksheni hiyo hiyo iandike safu kwenye jedwali la ujumbe wa kutuma. Hapa ndipo watu hukosea: wanaandika leja kwanza, halafu kwa hatua nyingine wanatupa ujumbe kwenye foleni. Seva ikizima katikati, fedha imekatwa na hakuna anayejua kwamba ilitakiwa itumwe. Ikiwa vyote viko kwenye transaksheni moja, programu ndogo inayosoma jedwali hilo itaukuta ujumbe hata umeme ukirudi kesho.

Programu hiyo ndiyo inayotuma nje, ikitumia namba ile ile ya ombi. Jibu likiwa ndiyo, kutoka mpito 30,000 ziende akaunti ya mshirika na 500 mapato ya ada. Likiwa hapana, 30,500 zirudi kwa mwanachama. Likiwa kimya, fedha ikae mpito na mfumo uulize hali baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10, saa moja. Baada ya hapo iende kwenye orodha ya mtu wa dawati.

Mtego wa mwisho: mnauliza hali, mshirika anajibu "muamala huo hatuna". Mkiwa mmeuliza mapema, unaweza kuwa bado uko kwenye foleni yao, haujasajiliwa. Jibu la namna hiyo msilichukue kama kukataliwa mpaka upite muda mliokubaliana kwa maandishi na mshirika, au faili lao la siku litoke.

Na kwenye skrini andikeni "Muamala wako unashughulikiwa", pamoja na kumbukumbu namba. Mkisema umeshindikana, atafungua skrini upya na kutuma tena. Hiyo itakuwa namba mpya ya ombi, na kinga yote hapo juu haimzuii.

MzeeWaUrari

Vijana mmesema vizuri, ila hakuna aliyegusa usuluhishi, na kwenye fedha hapo ndipo ukweli unapojulikana.

Kila asubuhi pande tatu zilinganishwe: leja yenu, faili la mshirika, taarifa ya benki inayotunza fedha yenyewe. Linganisheni muamala kwa muamala kwa kumbukumbu namba. Msilinganishe jumla kwa jumla. Akaunti ya mpito inaweza kusoma sifuri huku ndani ina 20,000 ya mtu iliyokwama na 20,000 ya mwingine iliyorudishwa kimakosa. Kila kilichokaa mpito zaidi ya saa 24 kiwe na jina la mfanyakazi anayekishughulikia.

Angalieni saa pia. Seva nyingi ziko UTC (saa sanifu ya dunia), sisi tumewatangulia saa tatu. Muamala wa saa 6:30 usiku wetu, kwa UTC bado ni jana. Ripoti ikikata siku kwa UTC, kila kilichofanyika kuanzia saa 6 hadi saa 9 usiku kitaangukia siku ya nyuma na hakitalingana na faili la mshirika. Wekeni safu mbili: wakati halisi kwa UTC, na tarehe ya hesabu inayoamuliwa na Leja yenyewe. Na kwenye SMS andikeni 21:00, msiandike "saa 9:00", maana hapo kila mtu atasoma lake.

mkonge_digitali

Swali la uchokozi: kwa nini mjenge Leja kabisa? Apache Fineract ipo, ni programu huria ya kuendesha akaunti na mikopo, imetokana na mradi wa Mifos, ni mradi kamili wa Apache tangu 2017. Ina akiba, mikopo, hisa, uhasibu wa debiti na krediti, na vyote vinafikika kwa REST. Watu wanne waandike injini ya mikopo kutoka sifuri? Jengeni viunganishi na programu ya simu, basi.

leja_haifutwi

@mkonge_digitali sikatai, kwa SACCOS hii ningeipima kwanza kabla ya kuandika chochote. Masharti mawili. Iko kwa Java na timu ni ya PHP, kwa hiyo bajeti ya kujifunza iwepo. Pili, makato ya mishahara na kanuni zenu za gawio hazitakaa sawasawa humo. Zijengeni nje kama huduma inayoiita kupitia API yake (njia rasmi ya programu kuongea nayo). Mkianza kuhariri msimbo wake wa ndani, kila toleo jipya mtakuwa mnaunganisha mabadiliko kwa mkono mpaka mchoke, mbaki na toleo lenye matundu ya usalama.

sheria_za_pwani

Mawili ya haraka. SACCOS isijiite benki, hata kwenye jina la programu ya simu: kutumia neno hilo kunahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006. SACCOS ziko daraja la tatu la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na msimamizi wenu wa karibu ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kufika TIPS (mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo), njia ya kawaida ni kupitia benki yenye leseni, kwa hiyo mkataba na benki hiyo uanze kujadiliwa leo. Mara nyingi unachukua muda kuliko msimbo.

La pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Huduma ya Wanachama itabeba namba za NIDA na picha. Kabla ya kukodi seva nje ya nchi, someni masharti ya kusafirisha taarifa, na mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Fundi_Makorora

Jambo dogo linalokula hela: SMS. Ujumbe wa kawaida una herufi 160. Ikiingia herufi moja isiyo kwenye jedwali la herufi za GSM, kikomo kinashuka hadi 70. Alama ya ng' iliyopinda, ile inayojiweka yenyewe ukinakili kutoka Word, ni mojawapo. Kiolezo chenye "Ng’ambo" ya namna hiyo na herufi 120 kinatozwa kama SMS mbili, kwa kila mwanachama, kila muamala. Huduma ya Taarifa igeuze alama hiyo kuwa ' iliyonyooka kabla ya kutuma.

Kwa wenye simu za vitochi mtahitaji USSD (menyu za kupiga nyota na reli). Skrini moja ina herufi 182 na kikao kinakatika haraka, kwa hiyo msimsubirishe mtu mshirika ajibu. Pokeeni ombi, onyesheni kumbukumbu namba, fungeni kikao, matokeo yaje kwa SMS. Ule utaratibu wa mpito hapo juu unafaa hivyo hivyo.

BintiNgamiani

Nimeelewa sana. Mzee shikamoo, na asante. Limebaki la kuhama.

MzeeWaUrari

Marahaba. Kabla ya kuhamisha, toeni urari wa mfumo wa zamani na msafishe: akiba zilizo chini ya sifuri, wanachama wenye akaunti mbili, mikopo iliyolipwa ikabaki wazi. Salio la kuanzia liingie kama ingizo halali, upande wa pili ukiwa akaunti ya ufunguzi, na jumla ilingane na urari hadi senti ya mwisho. Tofauti ya shilingi 40 msiipuuze. Huenda ni laki kadhaa zilizofutana.

leja_haifutwi

Kwa upande wa mfumo: wekeni lango mbele ya PHP, maombi yote yapite hapo. Anzeni kutoa Taarifa, kwa kuwa SMS ikikosea hakuna fedha inayopotea. Kisha Wanachama, kisha kuangalia salio kwa simu, kusoma tu. Leja mpya ipokee nakala ya kila ingizo huku ya zamani ikiendelea kuwa ndiyo yenye mamlaka. Linganisheni masalio kila usiku mpaka mpite walau siku moja ya mishahara na mzunguko mmoja wa riba bila tofauti. Malipo ya Nje yaje baada ya hapo.

Mkihamisha mamlaka, hamisheni ofisi kwa ofisi, Korogwe kwanza, mjini mwisho. Kila akaunti iwe na bwana mmoja tu, aidha wa zamani au mpya, na lango lisome alama hiyo kabla ya kupeleka ombi. Mwanachama wa Korogwe anayetoa fedha kwenye dirisha la ofisi ya mjini apelekwe Leja mpya kupitia lango. Keshia asiwe na njia ya kuingiza moja kwa moja kwenye PHP.

Msichague mwisho wa mwezi wala Ijumaa. Na kumbukeni, muamala wa kwanza wa simu ukishaingia Leja mpya, kurejesha nakala ya jana kunaupoteza. Kurudi nyuma kunahitaji programu inayopeleka maingizo mapya kwenye mfumo wa zamani. Iandikeni na mjaribu nayo Korogwe nzima kwenye seva ya majaribio, kabla ya siku yenyewe ya kuhama.